Maisha ya Daktari Magdaline Ouma, na Ugonjwa Uliomchukua

Tunayemzika leo ni Daktari Magdaline Ouma, mke wa Kiragu. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika nyumba ya kupanga Soweto East, Kibera, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Lazarus Ouma na Mama Beth, waliotoka Siaya. Mimi ninayesoma ni Eddah, Mama Billy, dada yake mkubwa.

Alisoma shule ya msingi ya Ayany hadi 1993, kisha sekondari huko Siaya, akamaliza 1997. Mama yetu aliuza samaki, na Magdaline alikuwa akipasua wale samaki wa ngege kabla ya wateja kufika, atazame mayai yamekaa wapi. "Wewe, hao ni wa kuuzwa, si wa kusomwa!" Mama alimfokea, lakini hakuacha. Mwaka wa 2005 alihitimu udaktari hapa Nairobi.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na Kiragu kanisani Kabiro, Kawangware. Baba mkwe wake, Mzee Muchiri, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha, alisema siku ile: "Mjaluo, tena daktari! Nani atashinda maneno nyumba hii?" Walipendana sana, yeye na huyo mzee.

Baadaye alikwenda Afrika Kusini kusomea kutibu kansa za wanawake kwa mionzi, akarudi 2013. Alikuta akina mama wengi wenye kansa ya mlango wa kizazi wanaanza mionzi na kuiacha katikati. Wenzake walisema hawaelewi. Yeye alikuja Soweto East, akaketi na wauza mboga, akauliza. Mmoja akamjibu, "Daktari, nikikosa kibarua wiki tano, hiyo kansa itanikuta nimeshakufa njaa." Wote walicheka isipokuwa yeye. Hapo ndipo alipopata swali la utafiti wake: je, mionzi yenye nguvu zaidi kidogo, kwa siku chache, inaweza kutibu sawa na ile ndefu ya wiki tano? Utafiti huo haujaisha. Hakumwahidi mtu kupona. Aliwaomba wamalize tu, kwa sababu matibabu yakikatwa katikati, ugonjwa hupata nafasi.

Mwezi wa Juni mwaka jana tumbo lake lilianza kujaa. Alisema ni gesi, akanywa dawa ya gesi na kurudi kazini, yeye aliyewaambia wengine waje mapema. Septemba ikaonekana ni kansa ya ovari, na ilikuwa imeenea. Si ile aliyokuwa akiwatibu akina mama wa utafiti, wala haikuletwa na mashine ya mionzi. Narudia: haikuletwa na mashine.

Tulipopanga programu hii ya mazishi, Mzee Muchiri alitaka tuandike "aliugua kwa muda mfupi", kama ilivyo desturi. "Mama Billy," akaniambia, "mambo ya tumbo la mwanamke hayasomwi mbele ya pastor."

Lakini mimi nilikuwa nimemsikia mama mmoja pale kwa mfereji, tunapochota maji, Soweto East: "Kama hiyo mionzi imemaliza daktari mwenyewe, mimi ni nani? Sirudi." Na kuna ambao kweli hawakurudi. Magdaline alilijua hilo. Aliniambia akiwa kitandani, "Msifiche. Mkificha, wale mama watatoroka."

Nilimweleza Mzee. Kiragu akasema, "Baba, wacha iandikwe."

"Basi iandikwe vizuri," Mzee akajibu. "Isiachwe nusu."

Alituacha alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kiragu.

Amemwacha mumewe, watoto wao Tracy na Irungu, Mama Beth, Mzee Muchiri, nami dada yake. Amewaacha pia akina mama ambao hawajamaliza mionzi. Najua mko hapa, wengine mmesimama huko nyuma. Sitawataja. Mnajijua, na mimi nawajua. Daktari Nzuki, aliyefanya kazi naye, anaendelea na kliniki yao ya mionzi pale pale, kila Jumanne.

Mungu amlaze Magdaline mahali pasipo na maumivu. Na nyinyi, Jumanne mrudi.