Marehemu Mama Dorkasi Fanueli na Safari ya Harusi ya Korogwe

Wasifu huu unasomwa na mwanawe wa kwanza, Nathanaeli Nikodemo, Magamba, Alhamisi tarehe 14 Machi 1974.

Mama Dorkasi alizaliwa hapa Magamba mwaka 1914, msimu wa kupanda maharage, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Fanueli na Mama Jenoveva. Siku yenyewe haikuandikwa. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1915.

Alisoma shule ya misheni toka 1924 hadi 1928, akaishia darasa la nne. Alijua kusoma Biblia na kuandika barua. Hesabu alisema zilimkimbia, naye hakuzifukuza.

Mwaka 1930 aliajiriwa jikoni kwa mlowezi mmoja wa Kijerumani, juu kidogo ya msitu, akakaa huko mpaka vita vya 1939 vilipowaondoa wenye nyumba. Huko ndiko alikojifunza kutengeneza hemu ya Krismasi. Hakuwahi kuandika namna yake, kwa hiyo inaandikwa hapa kama alivyokuwa akiisema. Paja la nyuma la nguruwe linalazwa ndani ya pipa la maji ya chumvi na sukari guru kwa siku ishirini na moja, na kila asubuhi linageuzwa kwa mkono. Likitoka linaning'inizwa siku mbili likauke, kisha linavutishwa moshi wa matawi ya mipeasi siku nne. Mwisho linachemshwa polepole na karafuu, moto usichachamae, na linaachwa lipoe ndani ya supu yake. "Ukilitoa likiwa la moto," alisema, "umepika kiatu."

Krismasi ya 1961, wiki mbili baada ya Uhuru, alipeleka hemu nzima kwa wazee wa kanisa. Mzee mmoja alikula vipande vitatu kimya, kisha akasema, "Kumbe hiki ndicho walichokuwa wanatuficha!" Mama alicheka kwa jambo hilo mpaka uzeeni.

Alifunga ndoa na Nikodemo, mpasua mbao wa msituni, Jumamosi tarehe 10 Oktoba 1936. Mungu aliwajalia watoto watatu, Nathanaeli, Kornelio na Efrazia. Baba alitutoka mwaka 1962. Toka hapo Mama aliwalea watoto wake kwa karoti na kabichi alizouza gulioni Soni, na kando yake alikaa shoga yake, Mwanaidi binti Salimu. Walianza kuuza pamoja mwaka 1946. Mmoja akiugua, mwenzake aliuza fungu lake. Mwanaidi ndiye aliyemkanda Mama alipomzaa Efrazia.

Wote mliopo mnajua desturi yetu ya huku milimani. Mkristo akiwa na sherehe, ng'ombe anachinjwa na Mwislamu, na sufuria zinatoka nyumba ya Kiislamu, ili kila aliyealikwa ale bila wasiwasi. Mwenye kula nguruwe anakula pembeni kwa vyombo vyake. Ndivyo ilivyopangwa harusi ya Efrazia kule Korogwe, Jumamosi tarehe 27 Desemba 1969. Mwanaidi alikubali kupika pilau, akatoa sufuria zake nne kubwa alizorithi kwa mama yake. Mama alibeba hemu moja kwa ajili ya wakwe, ndani ya debe, ikiwa bado na supu yake, imefunikwa kitambaa.

Familia iliondoka alfajiri kwa lori la mboga. Mama alilipakata debe lake, na Mwanaidi hakuacha kumtania.

"Dorkasi, mbona umemkumbatia kama mjukuu? Huyo hanyonyi?"

"Kalala. Punguza kelele, shoga yangu."

"Basi akiamka asinisogelee. Mimi na yeye hatusalimiani."

Lori zima lilicheka. Walipofika Soni mvua ikanyesha, nalo lori halikuwa na turubai. Mama aliona kitambaa kinalowa, akafikiri juu ya zile siku ishirini na moja za pipa. Mwanaidi alikuwa ameshuka kununua vitunguu. Mama akaliingiza debe ndani ya sufuria iliyo kubwa kuliko zote, akaweka mfuniko. Katika kona za kuteremkia Mombo, supu ikamwagika ndani ya sufuria.

Mombo mvua ilikuwa imekatika. Mama alilitoa debe, akaifuta sufuria kwa ncha ya kanga. Alimtazama Mwanaidi, aliyekuwa akitaniana na dereva na kucheka mpaka machozi. Hakusema kitu. Baadaye alituambia kwamba aliona aibu, na tena aliogopa kukiharibu kicheko kile.

Pilau ilipikwa ndani ya sufuria zile zile, ikapakuliwa. Mama alivumilia mpaka alipomwona Mzee Abdallah, mjomba wake Mwanaidi, ananawa mikono na kutia tonge la kwanza vidoleni. Hapo alisimama mbele ya watu wote akalia, "Baba Abdallah, shikamoo, tafadhali usile!"

Akaeleza. Wengine walikuwa wameshakula. Watu walitoka nje kutapika, pilau ikafukiwa shimoni, na bibi harusi akalia na shela yake. Mwanaidi hakupiga kelele. Alisema, "Dorkasi, ungeniambia Mombo. Tungeiosha mara saba, moja kwa udongo, tukaja harusini. Mto ulikuwa pale pale. Wewe umenifanya mimi niwalishe watu wangu kwa mkono wangu."

Alirudi kwa gari lingine. Sufuria aliziacha.

Toka siku ile Mama hakutia tena paja kwenye pipa. Aliendelea kwenda gulioni, na baadaye shamba la kijiji cha ujamaa, lakini alikuwa mtu aliyepungua. Miaka minne alimsalimia Mwanaidi kila siku ya gulio. Mwanaidi alijibu salamu, kwa kuwa salamu hujibiwa, kisha akageukia karoti zake.

Agosti 1973 tumbo la Mama lilianza kuvimba. Alilazwa hospitali wiki tano, akarudishwa nyumbani. Jumamosi tarehe 2 Machi mwaka huu alimwita Nathanaeli. "Nenda Soni, mwanangu. Mwambie Mwanaidi naondoka. Aje anitukane mpaka achoke, kisha anisamehe."

Nathanaeli alikwenda. Alimkuta Mwanaidi barazani kwake anapukuchua maharage na wanawake wengine, wanazungumza. Alisimama dukani upande wa pili wa barabara. Toka utotoni ni mtu wa haya, na siku ile alijiambia angoje wanawake waondoke. Hawakuondoka. Alinunua chumvi, akapanda gari la mwisho la kurudi.

Nyumbani alisema, "Sikumkuta, Mama."

Mama alimtazama. "Usinifiche, mwanangu. Amekataa."

Nathanaeli alipeleka chumvi jikoni. Mama akageukia ukutani, na jina lile hakulitaja tena. Siku zilikuwa kumi, na Soni si mbali. Nathanaeli hakurudi. Mama alifariki Jumanne tarehe 12 Machi, saa tatu asubuhi, akiamini kwamba amekataliwa.

Jana kabla ya adhuhuri Bi Mwanaidi alifika msibani kwa miguu kutoka Soni. Aliwauliza wanawake, "Mbona hamkuniita? Ningekuja hata usiku." Jibu ni hili lililosomwa sasa mbele yake. Hakukataa. Hakuambiwa. Anayesoma haya haombi kitu, ila Bi Mwanaidi ajue kwamba aliitwa.

Marehemu ameacha watoto watatu, Nathanaeli, Kornelio na Efrazia, wajukuu tisa, mdogo wake Abrahamu, na shoga yake wa miaka ishirini na minane, Mwanaidi binti Salimu.

Mungu ampe Mama yetu pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa. Amina.