Sinia Halirudi Tupu

Kisa hiki alinipa Kalomira, yule aliyekuwa akikata tiketi za feri, na Kalomira hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Hata kwenye supu alikuwa mchoyo nayo. Februari moja, Jumatatu, wazee watatu wa kijiwe chetu cha gatini walivuka kwenda kisiwa kidogo cha ng'ambo, kwenda asubuhi na kurudi saa tisa. Mwenye safari alikuwa Yakumis, tuliyemwita Kesho, maana kila jambo lake ni kesho. Miaka kumi na tisa hakusema na dada yake Anezina, tangu dada aolewe huko ng'ambo na yeye akagoma kwenda harusini. Sasa, Mwaka Mpya ule Anezina akamletea kwa feri mkate wa malenge, ndani ya sinia la shaba la marehemu mama yao. Na mnajua, wanangu, chombo cha mtu hakirudi tupu. Kesho akaoka mikate midogo ishirini ya jibini kwa mkono wake mwenyewe, akaipanga kwenye lile sinia, akaifunika kitambaa. Wenzake wawili wa kijiweni, Redio na Nanga, wakamsindikiza. Kushuka, mkahawa umefungwa mpaka Pasaka, viti viko juu ya meza, lakini benchi la nje liko juani. Na nyumba ya Anezina hiyo hapo kilimani, inatoa moshi. Redio akatoa chupa ya kahawa.

— Kikombe kimoja tu, halafu napanda, alisema Kesho, sinia mapajani.

— Upande uende wapi? Redio akadakia. Kwanza tujue anataka nini. Mtu hanyamazi miaka kumi na tisa halafu akuletee malenge hivi hivi. Anataka saini yako. Lile shamba la mizeituni la baba yenu.

— Shamba gani, miti minne?

— Minne si minne? Haba na haba hujaza kibaba.

Akafunua kitambaa, akachukua mkate mmoja.

— We Redio! Ya dada hiyo!

— Naangalia kama imeiva. Utampelekea mibichi?

Nanga, ambaye tulimwita hivyo kwa sababu akikaa amekaa, akakohoa.

— Mimi naona anaumwa. Mtu akikaribia kufa hugawa vyombo.

Kesho akageukia kilimani. Akautazama ule moshi.

— Mgonjwa anawasha jiko?

— Wagonjwa ndio wenye baridi, bwana. Nanga akamega mkate. Mimi nusu tu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nusu ya pili akaila Kesho. Tangu utotoni akiogopa hula, na siku hiyo aliogopa jambo moja tu: abishe hodi, mlango usifunguliwe. Wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi mbele ya kioo, neno lenyewe moja tu. "Anezina."

— Au alitia dawa kwenye ule wa malenge, alisema Redio, mkono siniani. Dawa ya kusahau ugomvi.

— Mkate niliumaliza wote na sijasahau kitu.

— Hujasahau? Si uliapa utaivuka bahari hii ukiwa ndani ya jeneza? Leo umevuka kwa nini?

— Kwa feri, alisema Nanga.

— Nyamaza wewe. Halafu tuna hakika yupo? Labda kahamia Australia kama wengine wote.

— Na moshi ule? aliuliza Kesho.

— Mpangaji.

— Na mkate wa malenge?

— Kamwachia mpangaji maagizo.

— Basi labda nije kesho, alisema Kesho.

— Kesho feri haipo. Mpaka Alhamisi.

Redio akaikamua chupa. Tone moja. Jua limehama benchi, na feri inaonekana inakuja.

Nyuma yao akatokea mama mmoja mwenye kisu na mfuko wa mboga za mwitu, anatoka kuchuma mabondeni. Anatembea kama mama yake Kesho, bega moja limetangulia. Kesho akataka kusema lile neno moja. Halikutoka.

Yule mama akawatazama mmoja mmoja.

— Mmeleta nini humo siniani?

Nanga akaangalia bahari. Redio, ambaye hata kanisani hanyamazi, akawa anafunga na kufungua kifuniko cha chupa.

Anezina akainua kitambaa. Makombo. Akagusa moja kwa kidole, akaonja.

— Umezidisha chumvi, alisema. Kama mama.

Akamimina mboga zake zote ndani ya sinia.

— Haya, shika upande huo, mimi nashika huu.

— Dada, feri...

— Alhamisi ipo.

Wakapanda kilima, sinia katikati yao. Redio na Nanga walirudi wawili. Kalomira alipowauliza mwenzao yuko wapi, Redio alijibu, "Anarudisha chombo," na hakuongeza neno mpaka gatini.

Haya, lalani sasa, jiko limeshapoa. Asubuhi sahani ya jirani yetu Fotini inarudi kwake, nimeiwekea tini saba. Nimezihesabu.