Vyuma vya Mwavuli wa Afande Amina

Jumamosi ile mawingu yalitanda juu ya Makindye kama hukumu ambayo haijasomwa, na juu ya ubao uliolazwa kwenye kreti mbili za soda, kando ya ukuta wa kambi ya jeshi, waliketi watu wale wale wa kila siku. Katikati alikuwa sajini mstaafu Ogwal, mtu wa Lango, kule kaskazini, aliyeitwa Afande Amina kwa sababu kila neno lake, hata la kuomba sukari, alilifunga kwa amina. Kulia kwake alikuwa Oduor, mchuuzi wa mitumba wa soko la Owino, mzaliwa wa Kisumu, aitwaye Wakili ingawa mahakamani hajawahi kuingia ila kama mshtakiwa. Mbele yao Bonny wa Lubaga, fundi wa viatu na miavuli, Daktari kwa jina la kijiweni, alikuwa akigonga soli. Na Fatumah, mwenye birika la kahawa ya tangawizi, aliwamiminia wote kwa haki isiyopendelea. Ng'ambo ya barabara, katika chuo cha jamii, ngoma zilikuwa zikijaribiwa kwa ajili ya Siku ya Sanaa itakayoanza saa tisa. Ndani ya koti la Ogwal mlikuwa na kadi ya mwaliko ambayo binti yake, Alanyo, alikuwa ameiweka asubuhi ndani ya Biblia yake, kwenye zaburi, mahali ambapo jicho la baba lisingeweza kuikwepa. Alikuwa ameisoma mara nne, wala hakuwa amemjibu binti neno lolote.

— Hiyo chuo inaficha kitu, alianza Bonny. Wiki mbili hizi wasichana wamekuja kwangu mara tatu. Hawataki kiatu, hawataki mwavuri. Wanataka vyuma vya miavuri mbovu tu! Wamebeba yote. Sasa mvua inakuja, mimi nitatengeneza miavuri ya watu na nini? Na mifupa ya samaki?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Oduor, akijiweka sawa kama aliye mbele ya jaji. Mtu akikusanya vyuma hivyo, anajenga mnara. Wa kunasa sauti. Kila tunachosema hapa kitasikika kule.

— Kila tunachosema? Fatumah alicheka. Wakili, wiki nzima umeongea juu ya goti lako.

— Goti langu ni siri ya serikali, Mama!

— Siyo mnara, Bonny alikata. Ni mishikaki. Watu wengi wanakuja leo, nyama itachomwa, vyuma vya kuchomea vitatoka wapi?

— Mishikaki ya mwavuli? aliuliza Oduor. Si tone moja la mvua likianguka nyama yote itafunguka!

Walicheka hata kahawa ikamwagika. Ogwal naye alitabasamu, kisha akalizuia tabasamu lake kama mlinzi amzuiavyo mgeni langoni.

— Nyinyi hamjui kitu, alisema Fatumah, akishusha sauti. Wanavipanga juu ya bati, visukume mawingu yaende Entebbe. Wenye sherehe ndivyo wanavyofanya. Dalili ya mvua ni mawingu, dawa yake ni mwavuli uliokufa.

— Ongeza akili, Mama! Oduor alisimama kabisa. Mbona vyuma vingi hivyo? Wanaunda mwavuli mmoja mkubwa, wa kufunika Makindye yote! Sisi tutakaa kavu, watu wa Lubaga wanyeshewe.

— Banange! Sisi Lubaga tuna kanisa kuu. Mungu mwenyewe ndiye mwavuri wetu.

— Basi mwambie akurudishie vyuma.

— Na wewe, Afande? Bonny alimgeukia. Mawingu yote haya, na ule mwavuri wako mweusi, uriopewa siku ya kustaafu, uko wapi?

— Umepotea. Amina.

Haukuwa umepotea. Juzi alikuwa amekikuta kitambaa chake nyuma ya mlango, kimekunjwa kwa heshima kama ngozi ya mbuzi baada ya karamu, bila chuma hata kimoja. Naye akajua, maana utotoni alimwona baba yake akivigonga vyuma vya namna hiyo juu ya jiwe hadi viwe bapa na kuvipanga juu ya kibao cha mti: okeme, ala inayopigwa kwa vidole gumba na kuyafanya magoti ya wazee yasahau miaka yao. Yeye mwenyewe aliipiga hata kambini. Lakini kila ilipolia okeme palikuwa na chupa, na kila palipokuwa na chupa mkewe Docus alilala akilia. Siku aliyookoka aliichoma okeme ile ya baba yake uani pa kanisa, na tangu hapo, kila Jumapili, alisimama na kushuhudia: «Ogwal mpiga okeme alikufa. Tulimzika.» Ushuhuda ulikuwa wa kweli, na chupa ilistahili moto. Ila kibao kile hakikuwahi kunywa hata tone. Daudi alimpigia kinubi mfalme mgonjwa, na roho mbaya ikamwacha. Ogwal aliyajua hayo, wala hakuwahi kuyahubiri.

— Alanyo si anapiga leo? aliuliza Oduor. Afande, utaenda?

— Mimi siendi kwenye ngoma za dunia. Amina.

— Afande, mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Maana yake nenda, mkalie pamoja.

— Methali hiyo haisemi hivyo! alifoka Fatumah.

— Inasema hivyo nikiwa mimi ndiye wakili wake.

Wakati huo mwanamke mmoja alivuka barabara kwa haraka, amekumbatia kifurushi cha leso. Kijiweni hawakumjua.

— Hamjambo, wazee wangu. Mimi ni Mwalimu Nasike, nafundisha muziki hapo chuoni tangu Januari. Naomba msaada wenu.

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na kibao kipya kilichochongwa kwa mkono usio na uzoefu bali wenye upendo, na juu yake vyuma vyembamba vyeusi. Bonny alivitambua, akaacha kinywa wazi.

— Kumbe ni hii!

— Mwanafunzi wangu ametengeneza mwenyewe. Alijaribu vyuma vingi, vikavunjika, hivi ndivyo vilivyokubali. Lakini sauti haiji.

Akavigusa, navyo vikalia kama meno ya kitana kibovu.

— Mimi ni wa Bungoma, najua litungu, la nyuzi. Hii imenishinda, na imebaki saa moja. Msichana anasema baba yake ndiye aliyejua, lakini alikufa.

— Msichana gani? Fatumah aliuliza polepole.

— Alanyo.

Nyundo ya Bonny ilisimama hewani. Oduor, ambaye hajawahi kukosa neno, alikunywa kutoka kikombe kitupu.

— Anasema alikuwa akimpigia alipokuwa mdogo, Mwalimu aliendelea. Alipofika miaka sita, baba akafa. Nimetaka kuandika kwenye karatasi ya ratiba kwamba wimbo huu ni kumbukumbu yake. Lakini nikimwuliza jina, analia tu. Nyinyi ni wenyeji. Huyo marehemu aliitwa nani?

Wakili aliitazama mitumba yake, Daktari akakitazama kiatu, Fatumah akakitazama kifuniko cha birika. Ogwal aliusikia ushuhuda wake mwenyewe ukimrudia kutoka kinywani mwa mtoto, na hapakuwa na dhihaka ndani yake. Alanyo hakumzulia baba yake uongo. Alikuwa amemwamini.

— Leta hapa, alisema Ogwal.

Aliishika kama mtu apokeavyo mtoto mchanga, asiyejua kama mikono yake bado inafaa.

— Hiki kirefu kinakaa katikati. Ndicho mzee wa nyumba. Wengine wanatafuta sauti yao kwake. Hapa kimetoka sana. Daktari, nyundo.

Bonny alimpa. Gonga moja, gonga mbili, kidole gumba kikasukuma, kikavuta. Kisha vyuma vya mwavuli viliimba, sauti nne tu, na ng'ambo ya barabara mtu aliyekuwa akijaribu ngoma akaiacha.

— Mzee, kumbe unajua! Mwalimu alipiga makofi. Ulimfahamu marehemu?

— Nilimfahamu. Hatukusameheana.

Tone la kwanza lilianguka juu ya ubao. Fatumah aliinamisha birika, likatoa mvuke mtupu. Ogwal aliisitiri okeme ndani ya koti, juu ya kadi, akasimama.

— Afande, utalowa! aliita Oduor. Mwavuli huna!

— Ninao, alijibu, akigusa kifua chake, na tayari alikuwa akivuka.

— Mzee! Mwalimu alimkimbilia, kalamu mkononi. Na jina? Niandike nini?

— Andika Ogwal. Na hiyo marehemu, ifute.

Akaingia langoni, wala hakulifunga neno lake kama ilivyokuwa desturi yake. Basi kijiwe kizima, chini ya mvua na bila kahawa, kilimfungia:

— Amina!