Kitufe Nyuma ya Tabasamu la Shangazi

Benchi la nje ya kibanda cha mchonga funguo lilikuwa linayumba, na kosa lilikuwa la saruji. Ndivyo wenyeji wa kijiwe walivyokubaliana, na ukitaka kubisha, katafute benchi lako. Randa, seremala aliyelitengeneza, alikuta ardhi ya pale imebonyea upande mmoja. Badala ya kufukia lile shimo, akaona heri aurefushe mguu mmoja wa benchi, na benchi likatulia kama maji mtungini. Juzi mwenye maduka akamwaga saruji, chini pakawa sawa, na tangu hapo anayeinuka humwagia mwenzake kahawa. Dada Birika, anayewauzia hiyo kahawa, sasa hajazi vikombe. Mchana huo walikuwa wameketi watu wawili, Randa mwenyewe na Mzee Breki, dereva wa malori aliyestaafu lakini hajaacha kupiga honi, pale Kurasa alipotoka kwenye chumba chake cha jirani akiwa amenuna.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Uso gani huo? Umefiwa?

— Afadhali msiba, watu wangenipa pole. Kivinjari kimenigeuka.

— Nani huyo? Unamdai?

— Si mtu, mzee. Ni ile programu ya kwenye simu, unayofungulia kurasa za mtandao.

Kurasa ndiyo kazi yake, na ndiyo jina lake la kijiweni. Anawatengenezea watu kurasa za mtandaoni: mwenye saluni, mwenye ukumbi, na aliyemtengenezea wa kwanza kabisa, bure na kwa mapenzi, shangazi yake. Shangazi huyu ndiye aliyemlea. Ana shule ya watoto wadogo nyumbani kwake, na wazazi huandikisha watoto wao kwenye ule ukurasa kwa kubonyeza kitufe kimoja kikubwa cha kijani. Msimu huu hajaandikishwa hata mtoto wa dawa. Jumapili Kurasa alipokwenda kumsalimia, alimkuta anapanga vile viti vidogo vya watoto ukutani, amevifunga kamba, na anasema polepole kwamba labda umri umefika, watu wanataka shule za kisasa. Kurasa alikula, akaaga, akarudi zake.

— Kitufe kipo, alisema sasa, akipokea kikombe. Ila kiko nyuma ya picha ya shangazi. Ile picha anayocheka. Imekaa juu yake, imekifunika chote.

— Tangu lini?

— Tangu kivinjari kilipojisasisha. Mtu kalala na kivinjari chake, kaamka nacho kingine.

— Ikiwa hivyo, kimeharibika, alisema Randa.

Kurasa alisita. Angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Lakini kwenye kazi yake hakuwa mwongo.

— Hapana. Kimetengemaa, ndiyo shida yenyewe. Sikiliza. Kuna kanuni za dunia nzima za namna ya kupanga ukurasa. Kanuni moja inasema, ukivipanga vitu viwili mahali pamoja, ulichokiandika mwisho ndicho kinakaa juu. Sasa kivinjari kilikuwa kinakosea. Cha mwisho kinakiweka chini. Mimi nikaliona lile kosa, nikaandika ukurasa kwa kulifuata: kitufe kwanza, picha mwisho. Ukatokea mzuri, mpaka shangazi akalia. Sasa wenyewe wamerekebisha kosa lao, wanafuata kanuni, na picha imepanda juu.

— Yaani wamekosea kwa kuacha kukosea! alisema Mzee Breki.

— Hasa!

— Wala usiendelee, Randa alidakia. Hayo nayajua. Benchi langu hili ni zima, ila saruji ndiyo imekuja na kiburi cha kunyooka. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mguu wa benchi huu hapa. Mkuu ni nani? Mimi.

— Huo mguu haujavunjika, alisema Dada Birika. Ni mrefu tu.

— Utavunjika.

Mzee Breki aliweka kikombe chini. Alipoweka kikombe chini, kijiwe kilijua lori linapandishwa mlima.

— Ninyi watoto mnaangalia gurudumu, mimi naangalia dereva. Hiyo shule nyingine ya kisasa, ile yenye geti la umeme, inajaa au haijai?

— Inajaa, alisema Kurasa.

— Umeona! Mwenye geti kapiga simu huko wanakotengeneza hivyo vivinjari. Kawaambia, jamani, kuna mama mmoja ananisumbua, mfunikeni. Wakasema tumfunike na nini? Akasema, na picha yake mwenyewe, asije akashtaki. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mzee, kivinjari hicho kinatumiwa na dunia nzima.

— Ndiyo maana imewachukua muda.

Dada Birika alicheka, akamwongezea kahawa kidogo, na kidogo kweli.

— Mimi naona kimefundishwa adabu tu, alisema. Shangazi ni mtu mzima. Kitufe ni nini? Kitoto kilichozaliwa juzi. Mkubwa akae mbele, mdogo akae nyuma. Zamani vivinjari vilikuwa havisalimii hata wazee.

— Basi mbona picha za vijana nazo zimepanda juu? aliuliza Kurasa.

— Wamewahi shikamoo.

— Si adabu, alisema Randa. Hawa ni watu wa kunyoosha. Wameanza na saruji, wameingia kwenye simu, kesho utasikia mto umeambiwa unyooke. Wakimaliza, ndizi zote zitakuwa kama rula, na sisi maseremala tutapimiwa hata namna ya kukaa.

— Na vitufe vyote vitafichwa, Mzee Breki aliongeza, tayari kilele anakiona. Vya benki, vya hospitali, vyote! Turudi kupanga foleni. Nani anauza viti vya kusubiria kwenye foleni? Jiulizeni.

Randa, ambaye huuza viti, alijikuna kidevu.

Kurasa aliyasikia haya na, aibu yake, yalimfariji. Kulirekebisha lile jambo kulikuwa kazi ya muda wa kunywa kikombe kimoja: kubadilisha mpangilio, picha mwanzo na kitufe mwisho, kama kanuni isemavyo. Lakini aliona akibadilisha atakuwa amekubali kwamba alikosea tangu siku ile ya shangazi kulia kwa furaha. Kwa hiyo alikuwa amewaandikia wenye kivinjari malalamiko marefu, yenye heshima na ukali, akawa anasubiri jibu, na hilo akawaambia. Hapo kijiwe kizima kilikuwa upande wake, na raha ya kuungwa mkono mtu huizoea upesi.

— Na wakikujibu? aliuliza Dada Birika.

— Wakikiri tu kwamba wangetoa taarifa kwanza, nitarekebisha. Si kwamba nakataa.

— Usirekebishe haraka, alisema Mzee Breki. Kawia ufike. Mimi niliwahi kupinda njia kwa sababu ya daraja bovu, daraja likatengenezwa, nikaendelea kupinda. Mpaka nastaafu napinda. Heshima ni hiyo.

— Na mafuta? aliuliza Dada Birika.

— Heshima inakunywa mafuta, alisema Mzee Breki.

Pembeni yao, mwisho kabisa wa benchi, alikuwa amekaa mama mmoja anayesubiri ufunguo wake uchongwe. Hawakumjua. Alikuja katikati ya habari ya geti, akapewa nafasi na kahawa, maana mgeni njoo mwenyeji apone, na tangu hapo alikuwa anasikiliza tu. Sasa aliinua kichwa.

— Samahani, jamani. Nauliza tu, mie mpita njia.

— Uliza, dada, kijiwe hakina geti, alisema Mzee Breki.

— Huyo shangazi. Yeye ameshaambiwa?

— Ameshaambiwa nini?

— Kwamba ni kitufe. Maana asipojua, atadhani tatizo ni yeye.

Mzee Breki alifungua mdomo, akautilia kahawa. Randa alitazama kikombe chake. Dada Birika alimtazama Kurasa, kisha akaona vibaya kumtazama, akaanza kufuta birika lililokuwa safi.

— Nilitaka nirekebishe kwanza, Kurasa alisema. Ndiyo nimwambie.

Mwenyewe aliyasikia maneno yake yalivyo mepesi. Alizikumbuka kamba kwenye vile viti vidogo. Alikuwa amekaa pale mezani kwa shangazi, anakula chakula chake, anajua, na akamwacha mama wa watu aseme kwamba umri umefika. Alitoa simu akapiga palepale, mbele ya wote.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Umekula? Nilikuwa nataka nikupigie. Nimepata mtu wa kuvichukua vile viti.

— Usivitoe, shangazi.

— Vitakaa vya nini? Vinanitazama tu.

— Usivitoe. Kosa ni la ule ukurasa. Picha yako imekifunika kitufe cha kuandikisha. Wazazi wanaingia, wanakuona, wanatafuta pa kubonyeza, hawapaoni, wanaondoka. Nimelijua jambo hili siku nyingi. Nisamehe.

Mchonga funguo alizima mashine yake. Kurasa alisikia pumzi za shangazi, taratibu, kama za mtu aliyetua mzigo akawa bado haamini kwamba umetoka kichwani.

— Kwa hiyo hawajanichoka?

— Hawajakuchoka, shangazi. Wameshindwa kupita.

— Na hapo mbele yao, nimesimama mimi?

— Umesimama wewe. Unacheka.

Alimsikia akivuta kamasi, halafu akicheka kweli, kile kicheko cha kwenye picha.

— Basi nisogeze, mwanangu, watoto wapite.