Kanda ya Kipaimara cha Gerson

Mwaka 2004, katika daladala aina ya Hiace ya kutoka Tengeru kwenda mjini, Evaresta alikaa nyuma ya watu wawili wasiofahamiana. Hakukusudia kuwasikiliza, ingawa walipofika kituo cha Kwa Mrefu alikuwa ameshaacha kujifanya hasikii.

Binti aitwaye Sia alimweleza mzee wa pembeni yake kwamba amenunua deki ya video ya mtumba huko Kwa Mrombo, ya bei rahisi kuliko zote, ili ahamishie kanda za video za familia kwenye sidii.

"Deki ya namna hiyo unaijaribu kwanza na kanda usiyoijali, mwanangu," mzee alisema. Yeye alikuwa akipiga video za harusi na vipaimara huko Nkoaranga.

"Imeshatafuna ya kipaimara cha kaka yangu Gerson. Ndiyo pekee inayomwonyesha akiwa hai."

Mzee akageuka taratibu. "Gerson wa mama Elieshi? Ile niliipiga mimi."

Sia akamshika mkono. "Basi kanda halisi, ile ya kwenye kamera, unayo, mzee wangu?"

"Kanda zilikuwa adimu," mzee alijibu kwa sauti ya chini. "Niliwapa nyinyi nakala, kisha juu ya ile nikarekodi harusi ya watu wengine."

Sia aliuachia ule mkono. "Bila kutuambia?"

"Na wewe ulimwambia mama yako kabla ya kuitia kwenye deki?"

Gari lilisimama stendi. Wale wawili hawakuinuka, na Evaresta, aliyekuwa amechelewa kazini, alishindwa kuwaomba wampishe atoke.