Mzee Mirindi Namegabe, Mwalimu wa Maagizo ya Mashine (1921–1977)

Mzee Mirindi Namegabe alizaliwa Kabare, karibu na Bukavu, tarehe 14 Machi 1921, mtoto wa pili wa mzee Cirimwami. Alisoma kwa mapadre hadi mwaka wa tano wa shule ya msingi. Mengine yote alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya Kifaransa alivyovirudia mpaka vikalegea.

Mwaka 1950 alifunga ndoa na Mathilde, wakahamia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Alipata kazi katika kampuni moja ya biashara, kwenye mashine za kuhesabu kwa kadi zenye matundu. Mwaka 1966 ilipokuja mashine ya kuandikiwa maagizo, yeye ndiye aliyeyaandika. Kila Jumamosi aliwafundisha vijana kazi hiyo uani kwake, mtaa wa Nyakabiga.

Wanafunzi wapya hakuwaruhusu kugusa mashine. Mmoja aliagiza, mwenzake akatenda kilichosemwa tu. Siku moja Jovithe aliagiza, "Weka makaa mu mbabula." Pierre akabeba gunia zima, akalilaza juu ya jiko. Ua mzima ukacheka.

"We Pierre, uko mujinga?" Jovithe akafoka.

"Apana, yeye ni mashine," mzee akasema. "Mujinga ni ule aliyeagiza. Andika, soma kwa sauti, fanya kwanza kwa mikono yako. Mashine itakungoja."

"Mzee, sisi hatuwezi kungoja. Tunataka kazi!" vijana wakamjibu.

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akiwa ameokota maneno mawili matatu ya kujisifia ofisini. Kazi zao zilipoharibika, walisema mashine ni mbovu. Hilo lilimuuma kuliko tumbo lililomshika mwaka 1976. Aliogopa darasa lisije likafa kabla yake. Akabaki mwanafunzi mmoja tu, Médiatrice, aliyemwita Baba ingawa hakumzaa.

Mei mwaka huu, Médiatrice alimletea kitandani maagizo yaliyokuwa yakitoa hesabu za uongo. Mzee aliliona kosa, akamrudishia karatasi.

"Baba, nionyeshe basi!"

"Soma kwa sauti."

Akasoma, akakasirika, akasoma tena, akakwama katikati ya mstari. "Aa! Nimeiambia ijumlishe, sijaiambia ifute kwanza hesabu ya jana."

"Sasa we fundisha wengine," mzee akamwambia.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 1977. Ameacha mjane Mathilde, watoto Geneviève na Mawazo, wajukuu wanne, na mwanafunzi mmoja. Wale wengine leo wamekaa mbele hapa mazikoni, wamevaa tai. Darasa ni Jumamosi, uani kwa marehemu, Médiatrice atakuwepo. Mungu amjalie Mzee Mirindi utulivu ambao sisi, kwa haraka yetu, hatukumpa.