Katuni ya Karate Kwenye Basi la Migato

"Anamwinamia mtu kwanza, halafu anamtandika teke! Hiyo ni salamu gani?" mzee Limbu alifoka ndani ya basi, macho kwenye runinga ya mbele.

"Heshima ya karate hiyo, babu," alijibu Rehana, muuza kanda za video. "Na ni katuni tu, ya watoto."

"Heshima? Siku hizi wajukuu wangu wakipiga magoti kunisalimia, mimi nakimbia!"

Kwenye kiti cha nyuma, Generoza alipakata nakala ya mkanda huohuo, zawadi aliyowanunulia wanawe. Mateke wamezaliwa nayo, aliwaza. Mwalimu wa nini? Basi liliposimama kando ya shamba lake la mtama, alishuka, akauchomoa utepe wote unaong'aa ndani ya mkanda, akaufunga mti hadi mti juu ya masuke yaliyovamiwa na ndege.

"Haya, wapiganaji," akasema, "wafukuzeni kwelea kwelea."